Chaki ya drili ya bei nafuu kwenye mashine ya kukereza mbao: ninunue au nisubiri?

Msomaji ameuliza hivi: "Nina mashine ndogo ya kukereza mbao, na sasa nataka kutoboa kwa kutumia kichwa cha nyuma, kile kinachosogezwa kuielekea kazi: vipini vya patasi, kalamu, vikopo vidogo vya kuwekea penseli. Nimeona chaki za drili, yaani vishikio vya biti, za bei ya chini kabisa, na nyingine za mara nne au tano ya hapo. Kwa macho sioni tofauti. Wenzangu wananionya kwamba rahisi inavunja upishi. Je, ya bei nafuu itanifaa? Nikiinunua niangalie nini? Na nichukue yenye ufunguo au ile ya kukaza kwa mkono?"

Ndugu yangu, nunua ya bei nafuu, yenye ufunguo, ya milimita 13. Ila usikubali mkia mbovu, hata ukipewa bure. Wengi wanaogopa taya za chaki, kumbe hasara kubwa inatoka kwenye mkia, ile sehemu iliyochongoka inayoingia kwenye tundu la kichwa cha nyuma.

Kwa nini siogopi taya za bei nafuu? Kwanza, chaki yenye ufunguo wa meno ni kifaa cha zamani. Mmarekani Arthur Jacobs aliipatia hataza mwaka 1902, na hadi leo muundo ni ule ule: taya tatu zinazoteleza ndani ya mashimo ya mshazari, nati inayozisukuma, na kola ya nje yenye meno ambayo ufunguo unaizungusha. Hataza ilishakwisha muda wake zamani, na kiwanda chochote chenye mashine za kawaida kinaweza kuitengeneza kwa kiwango cha kutosha. Sisemi kwa ubora wa juu, nasema kwa kiwango cha kutosha.

Pili, wewe unatoboa mbao. Chaki nzuri ikishika fimbo iliyonyooka, kuyumba kwake hakupiti sana milimita 0.05. Ya bei nafuu huwa kwenye milimita 0.1 hadi 0.2. Kwa fundi wa chuma anayetafuta shimo la beringi, hiyo ni tofauti kubwa. Kwako wewe, unayetoboa shimo la milimita 7 la kupitisha kibomba cha kalamu na gundi yake, haina uzito. Mbao yenyewe ikipata unyevu au ikikauka inatanuka na kusinyaa kuliko hapo.

Halafu kuna jambo ambalo watu wanalisahau wanapochukua maneno ya drili ya mezani na kuyaleta kwenye mashine ya kukereza. Kwenye drili ya mezani biti ndiyo inayozunguka, kwa hiyo chaki ikiyumba, biti nayo inapiga huku na huku. Kwenye mashine yako mbao ndiyo inayozunguka na biti imesimama. Kosa la chaki haliwi kuyumba tena, linakuwa biti kukaa pembeni kidogo ya senta, basi. Shimo bado linabaki kwenye mhimili wa kazi, kwa sababu mbao inazunguka kwenye mhimili huo huo. Kitakachotokea ni mdomo wa shimo kupanuka kidogo, na biti nyembamba kujipinda na kufuata senta.

Sasa tuje kwenye mkia. Mashine nyingi za kukereza mbao zina tundu la tepa ya Morse (umbo la kuchongoka lenye vipimo maalumu vya namba), na kwa mashine ndogo na za kati utakuta namba 1 au namba 2. Pima kipenyo cha mdomo wa tundu kwa kalipa. Kikiwa karibu na milimita 12, ni namba 1. Kikiwa karibu na 17.8, ni namba 2. Kikikaribia 23.8, ni namba 3, ambayo utaikuta kwenye mashine kubwa. Tepa hiyo imechongoka kidogo sana, takriban milimita moja kwa kila milimita 20 za urefu, na ndiyo maana inashika: chuma kikigusa chuma kwa urefu wote kwa mchongoko mdogo namna hiyo, msuguano peke yake unatosha kuzuia mkia usizunguke. Hakuna skrubu wala pini inayosaidia.

Neno la kuzingatia hapo ni "kwa urefu wote". Mkia wa bei nafuu ukitengenezwa vibaya hugusa ncha moja tu, ya mbele au ya nyuma. Ukiweka biti ya milimita 8 hutajua kitu. Siku utakayoweka biti ya Forstner (ile pana ya kutoboa mashimo makubwa) ya milimita 50 na ikauma mbao, mkia utazunguka ndani ya tundu, na ukizunguka utalikwaruza. Chaki unaweza kuitupa ukanunua nyingine. Tundu la kichwa cha nyuma likishakwaruzwa, kila utakachoweka humo baada ya hapo, hata senta yako nzuri ya kuzunguka (ile ncha inayoegemeza mwisho wa kazi), kitakaa upande au kitateleza. Utaanza kutafuta kifaa cha kusafishia tundu, na mwisho pengine mrija mpya (ile sehemu ya kichwa cha nyuma yenye tundu, inayoingia na kutoka), na hapo unafuu wote umepotea.

Kwa hiyo chaki ikifika, usiiweke kwenye mashine mara moja. Vya bei nafuu huja vimepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu. Ifute yote kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mkia nje na tundu la chaki ndani, kisha kausha. Pitisha kidole juu ya mkia taratibu. Ukihisi kijinundu chochote, mara nyingi ni alama ya kugongwa njiani. Kisugue kwa jiwe laini la kunolea mpaka kiishe, usitumie tupa wala msasa kwa sababu utaondoa na pasipohitajika. Safisha pia tundu la kichwa cha nyuma. Vumbi la mbao lililochanganyika na mafuta humo ndani linaweza kuufanya mkia mzuri uonekane mbovu.

Baada ya hapo chukua kalamu ya wino mzito na uchore mistari mitatu ya urefu kwenye mkia, kutoka mwanzo hadi mwisho, ikiwa na nafasi sawa kuuzunguka. Uingize mkia kwenye tundu kwa kuusukuma kwa mkono, uzungushe robo ya mzunguko tu, kisha utoe. Angalia wino umefutika wapi. Ukifutika kidogo kidogo kwenye urefu wote, au angalau kwenye sehemu kubwa, mkia huo ni mzima. Ukifutika kwenye ncha moja pekee na kwingine mistari ikabaki kama ulivyoichora, rudisha. Kuna na dalili ya haraka zaidi: ukiuingiza mkia bila kuugonga kisha ukautikisa kwa upande, usihisi ukicheza hata kidogo.

Kuna kiungo cha pili ambacho matangazo ya bidhaa hayakielezi vizuri, nacho ni kati ya mkia na chaki yenyewe. Huko nako kuna tepa fupi, na ina majina yake. Chaki nyingi za bei nafuu za milimita 13 zina B16, na za milimita 16 zina B18. Nyingine zinafuata tepa za Jacobs, kama JT33 au JT6. Namba hizo hupigwa kwenye mwili wa chaki, kwa mfano "1-13 B16", maana yake inashika kuanzia milimita 1 hadi 13 na tundu lake ni B16. Ukinunua chaki na mkia mbali mbali, hakikisha namba zinalingana kabisa. B16 na JT33 zinakaribiana sana kwa ukubwa, milimita 15.73 na 15.85 upande mnene, na ukiwa na haraka utadhani zimeingiana. Hazijaingiana. Zitashika leo, kesho chaki itadondoka mkononi.

Kuziunganisha hakuhitaji nguvu. Rudisha taya zote ndani ya chaki mpaka ncha zake zipotee, kwa sababu zikibaki nje pigo litazipata zenyewe. Isimamishe chaki juu ya kipande cha mbao, tundu likitazama juu, weka mkia, upige pigo moja au mawili ya uhakika kwa nyundo ya mbao. Usitie mafuta hapo katikati. Nimeona watu wakitia gundi ya kufungia bolti, eti kwa usalama. Hiyo ni kuficha ugonjwa. Tepa safi zinazolingana hazihitaji gundi.

Kuna chaki zinazokuja na mkia uliotengenezwa pamoja na mwili, bila kiungo. Nazipenda kwa sababu ni fupi na hakuna cha kuachia katikati, ila mkia ukiwa mbovu hubadilishi mkia, unabadilisha kifaa kizima. Kwa mnunuzi wa bei nafuu, vipande viwili vina faida hiyo: chaki inaweza kuwa nzuri na mkia mbaya, ukanunua mkia mwingine bora kwa pesa kidogo. Hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kwako.

Ufunguo au mkono? Kwa bei ya juu ningekwambia chagua utakacho, maana chaki nzuri ya kukaza kwa mkono inashika vizuri, inajikaza yenyewe kadiri biti inavyouma, na inabadilisha biti upesi. Kwa bei ya chini, chukua ya ufunguo bila kufikiri mara mbili. Ya mkono ya bei nafuu ina tabia mbili mbaya zinazopokezana: biti nene inateleza ndani ya taya na kukwaruzika shingo, au chaki inajikaza mpaka hutaifungua bila koleo. Na zile zenye kola ya plastiki, zilizokusudiwa kwa drili ya mkononi, ziache huko huko. Ukiwa na ya ufunguo, kaza kwenye matundu yote matatu, si moja. Tundu moja likikazwa peke yake, taya zinaweza kushika kwa kuegemea upande, na hapo unailaumu chaki kwa kosa la mkono. Na ufunguo usibaki kwenye chaki hata kwa sekunde moja ya kufikiria.

Kuhusu ukubwa, milimita 13 inatosha. Biti za Forstner za kawaida zina shingo za milimita 8, 10 au karibu na 13. Chaki ya 16 inavutia kwa sababu bei inakaribiana, lakini ni nzito, ni ndefu, na nyingi hazishiki kitu chembamba kuliko milimita 3. Urefu ndio tatizo kwenye mashine ndogo. Hesabu: chaki, mkia unaobaki nje, biti ya kikopo, kazi yenyewe, na chaki kubwa ya kushikia kazi upande wa kichwa cha mbele, kile kinachoizungusha kazi. Jumlisha hivyo vyote halafu utazame nafasi iliyobaki kati ya vichwa viwili. Wapo wanaonunua chaki ya 16 wakajikuta hawana pa kuiweka.

Kimkia bapa kilicho mwisho wa mkia, yaani ulimi, nacho kina visa vyake. Kwenye mashine nyingi ukirudisha mrija hadi mwisho, skrubu ya ndani inausukuma mkia na kuutoa. Mkia wenye ulimi mrefu unaguswa na skrubu mapema, ukatoka kabla mrija haujaingia wote, nawe ukapoteza sentimita moja au mbili za mwendo. Kama tundu la mashine yako halina mfereji wa kuupokea ulimi huo, unaweza kuukata kwa msumeno wa chuma, kisha ulainishe kingo. Kinyume chake ni mkia mfupi usio na ulimi, ambao skrubu haiufikii, na unabaki umekwama. Ukiwa na tundu la nyuzi upande wa nyuma, funga bolti fupi humo. Kichwa cha bolti kitaguswa na skrubu na mkia utatoka.

Baada ya hayo, pima kuyumba. Kama huna geji ya saa, karatasi itakusaidia. Ingiza mkia wa chaki kwenye kichwa cha mbele, ambako unaweza kuuzungusha, mradi tepa ni ya namba ile ile. Shika kwenye taya shingo laini ya biti nzuri, ukiacha kipande cha shingo hiyo nje ya taya kama fimbo. Sogeza kiegemeo cha patasi mpaka kikaribie fimbo hiyo, zungusha kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa, utafute pale fimbo inapokaribia zaidi na pale inapokuwa mbali zaidi. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa takriban milimita 0.1. Ikiwa pembeni panapita karatasi moja na upande wa pili panapita tatu, tofauti ni milimita 0.2, na kwa mbao naiacha ipite. Zikizidi tano tofauti, rudisha. Lakini kabla ya kurudisha, fungua taya, zungusha biti kidogo, kaza tena kwa matundu yote matatu, upime upya. Mara nyingi nusu ya kosa inaisha hapo.

Kuna kipimo kingine, na hiki ndicho cha kweli kwa sababu kinapima mashine nzima. Funga kipande cha mbao kwenye kichwa cha mbele, kichonge uso wake uwe tambarare, weka biti yenye ncha katikati kwenye kichwa cha nyuma, washa mashine kwa mwendo wa polepole na uisogeze ncha iguse mbao kidogo tu. Zima, utazame. Ncha ikiwa senta, utaona nukta moja. Ikiwa nje ya senta, utaona kiduara kidogo chenye kichuguu cha mbao katikati, na nusu ya upana wa kiduara hicho ndiyo umbali wa kosa lako. Ila bado hujui mwenye kosa ni nani. Toa mkia, zungusha chaki nusu mzunguko ndani ya tundu, ingiza, rudia kwenye uso mpya. Kiduara kikibaki vile vile na ncha ikawa upande ule ule wa senta, chaki haina hatia. Kichwa chako cha nyuma hakijakaa sawa na cha mbele, na hata chaki ya bei kubwa kuliko zote isingekusaidia. Kikibadilika ukubwa, au ncha ikihamia upande wa pili wa senta, chaki au mkia wake unahusika. Hapo kuna njia ya kistaarabu ya kujisaidia: jaribu nafasi kadhaa mpaka upate ile yenye kiduara kidogo zaidi, kisha tia alama ya rangi kwenye chaki na nyingine kwenye mrija. Kila unapoirudisha, linganisha alama. Chaki ya bei nafuu na kichwa cha nyuma chenye kosa dogo vinaweza kufutana makosa.

Kwenye kazi yenyewe, anza kwa kuchimba kishimo kidogo katikati kwa ncha ya patasi ili biti ipate pa kuanzia. Mwendo usiwe wa pupa: biti ya Forstner ya milimita 50 nisingeipeleka zaidi ya mizunguko 500 kwa dakika, ndogo zinaweza kwenda kasi zaidi. Rudisha biti mara kwa mara kutoa vumbi, na hapa ndipo penye hatari ambayo watu hawaitarajii. Tepa inashika inaposukumwa, na inaachia inapovutwa. Biti iliyobanwa na makapi ndani ya shimo refu itabaki kwenye mbao wakati wewe unarudisha kichwa cha nyuma, na mkia utachomoka. Sasa una chaki ya chuma ya nusu kilo au zaidi inayozunguka na kazi yako, mkia ukiwa nje unapiga hewani. Basi rudisha kwa gurudumu la mkono taratibu, usivute kichwa kizima, na kama unahisi biti imekamata, zima mashine kwanza. Wapo wanaoshika mwili wa chaki kwa mkono wanaporudisha. Inasaidia, lakini mkono mtupu, bila glavu, bila mkono wa shati unaoning'inia, na kwa biti ndogo tu.

Hatari hiyo hiyo inajibu swali ambalo hukuliuliza ila utaliuliza: je, chaki hii naweza kuiweka kwenye kichwa cha mbele nikashika nayo vipande vidogo vya kukereza? Kwa kutoboa au kung'arisha kitu kilichoshikiliwa na senta upande wa pili, ndiyo. Kwa kukereza bila senta, hapana. Patasi inasukuma kwa upande, na tepa haipendi kusukumwa kwa upande, mtetemo unailegeza. Ukifunga bolti ndefu kupitia kichwa cha mbele kuuvuta mkia, utakuwa umeufunga mkia tu. Kile kiungo cha B16 kati ya mkia na chaki hakuna kinachokivuta. Kwa kazi hiyo tafuta mkia wa koleti (kibano cha mviringo kinachokikaza kitu pande zote), na bolti ya kuuvuta.

Chaki ya zamani iliyotumika isikutishe. Ya kampuni ya Jacobs au Röhm iliyochakaa nje lakini taya zake zinakutana vizuri ni bora kuliko mpya ya bei sawa. Zifunge taya bila kitu ndani uzitazame dhidi ya mwanga: ncha zote tatu zigusane kwa pamoja, na pasiwe na moja iliyotangulia wenzake. Zungusha kola kwa mkono; igande kidogo kwa grisi ya miaka, sawa, lakini isikwame mahali pamoja. Meno ya kola yakiwa yameliwa, iache, kwa sababu ufunguo utateleza siku unapouhitaji zaidi.

Pesa itakayobaki nunulia biti tatu au nne nzuri za ukubwa unaoutumia zaidi. Biti butu hutoa shimo baya hata ikishikwa na chaki ya kifahari, na ndiyo hiyo inayopasha mbao moto, inayokamata, na inayong'oa mkia.